Chai: Kila Nyumba na Desturi Yake

Karani wa serikali akitaka kuandika habari za chai, yampasa kwanza ajieleze. Wananchi wengi wakimsikia karani akitaja chai hutia mkono mfukoni, wakidhani kwamba faili yao haitatoka kabatini mpaka watoe kitu kidogo. Katika chai ya namna hiyo mimi simo. Chai nitakayoieleza hapa ni ile ya majani, ichemkayo katika sufuria, imiminwayo kikombeni, na kunywewa mchana mbele ya watu wote bila kuona haya.

Labda msomaji atauliza, "Chai nayo ina habari gani? Si maji, majani, maziwa na sukari tu?" Mimi pia nilidhani hivyo kwa miaka mingi. Lakini mwaka mmoja kikombe cha chai kilitaka kutia ufa katika nyumba yangu, baina ya mama aliyenizaa na mke niliyemwoa, na kosa kubwa lilikuwa langu. Nimeona niieleze habari hiyo kama ilivyokuwa, kwa sababu siku hizi watu wa bara na watu wa pwani huoana, hufanya kazi pamoja na kukaa nyumba moja, na kila mmoja huja na chai ya kwao.

NYUMBA MBILI, CHAI MBILI

Mimi nilizaliwa Mathira, katika Nyeri, upande ule ambao mashamba ya chai hupanda mpaka karibu na msitu wa Mlima Kenya. Wenyeji wa huko wana haki ya kujivunia zao hili. Miche ya kwanza ya chai katika nchi yetu ilipandwa Limuru mwaka 1903, na katika miaka ya 1920 makampuni makubwa yakaanza kuilima kwa biashara huko Kericho. Lakini kiwanda cha kwanza cha chai ya wakulima wadogo kilikuwa cha kwetu, cha Ragati, kilichofunguliwa mwaka 1957. Babu yangu alipata miche yake miaka michache baada ya hapo. Michai ile ile aliyoipanda kwa mkono wake ndiyo anayoichuma mama yangu mpaka leo, majani mawili na chipukizi moja, kikapu kikiwa mgongoni. Karo yangu yote ya sekondari, katika shule ya misheni, ilitoka katika michai hiyo. Kila nilipovaa sare mpya nilijua ni kilo ngapi za majani mabichi zilizobebwa mpaka kituo cha kupimia, katika matope, ili niivae.

Mama hupika chai kwa namna moja tu. Huteka maji nusu sufuria na maziwa nusu, huyachanganya yangali baridi, hutia majani na sukari papo hapo, kisha huinjika juu ya moto wa kuni. Chai ikifura huiinua, ikishuka huirudisha, hufanya hivyo mara tatu. Hutoka ikiwa na rangi ya udongo mwekundu, nzito, tamu, na harufu ya moshi ndani yake. Chai hiyo huandaliwa pamoja na chakula, iwe githeri, viazi vitamu au mkate. Mgeni hawezi kuondoka nyumbani kwa mama kabla ya kuinywa, na akimaliza kikombe kimoja bila kuombwa kingine, mama hudhani amemkosea.

Mke wangu ni mzaliwa wa Malindi. Kwao chai ya kila siku ni ile iitwayo chai ya mkandaa, yaani isiyotiwa maziwa. Maji huchemshwa kwanza pamoja na tangawizi iliyopondwa na punje za iliki. Kisha majani hutiwa kidogo, sufuria hufunikwa, na baada ya dakika chache chai huchujwa. Huwa nyepesi na nyekundu, hata ukiitazama katika bilauri waweza kuona kidole cha mtu aliye upande wa pili. Huliwa na mahamri, na mbaazi za nazi zikipatikana. Maziwa hutiwa siku moja moja, kwa hiari.

Kwa hiyo neno ni moja, nalo limesafiri mbali, maana chai ni chai katika Kihindi na Kiajemi vile vile, na mzizi wake ni Uchina. Lakini vikombe viwili hivi havikufanana zaidi ya uji na mchuzi.

MAJI YA MLIMANI NA MAJI YA PWANI

Mke wangu nilimpata Malindi, nilipopelekwa huko kwa kazi. Nilipoondoka nyumbani mama alinifungia pakiti mbili za majani ya chai ili nisitaabike ugenini. Siku ya kwanza nikapika kama nilivyomwona akipika tangu utoto wangu. Chai ikawa na rangi ya kijivu, na juu yake pakatanda utando mwembamba kama mafuta. Nikamlaumu mwuza maziwa. Siku ya pili nikabadilisha maziwa. Utando ukawa pale pale. Nikamlaumu mwenye duka la sukari. Mwisho nikaanza kuilaumu pakiti ya mama mwenyewe.

Aliyenitoa ujingani ni mzee mmoja, mwalimu mstaafu, aliyepanga chumba jirani na changu. Aliniuliza, "Bwana karani, maji yako wayateka wapi?" Nikamjibu, "Kisimani, hapo nyuma." Akacheka. Akanieleza kwamba ardhi ya pwani ni ya matumbawe, ambayo ni chokaa, na maji ya visima vyake hubeba chokaa hiyo. Chokaa ikikutana na asili ya chai hufanya utando na kufifisha rangi. Akanishauri nitumie maji ya mvua. Nikajaribu, utando ukatoweka kama uongo mbele ya shahidi.

Mzee huyo alinionyesha na jambo la pili. Maji yaliyo karibu na bahari huchemka yakifika digrii 100, lakini kadiri mtu apandavyo juu, maji huchemka mapema zaidi, kwa kadiri ya digrii moja kwa kila mita 300. Kwetu Mathira, katika mashamba ya chai yaliyo karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji huchemka kwa digrii 93 au 94 tu. Basi mtu wa mlimani akiloweka majani katika birika kwa dakika zile zile za mtu wa pwani, chai yake itakuwa dhaifu. Akiiacha motoni kwa muda zaidi, kama afanyavyo mama, itakolea. Tangu siku hiyo niliacha kusema kwamba watu fulani hawajui kupika chai. Nilianza kuuliza kwanza wanatumia maji gani, na wanakaa wapi.

Ni vizuri pia kuyajua majani yenyewe. Sehemu kubwa ya chai ya Kenya hutengenezwa kwa njia ya kuponda, kurarua na kuviringisha, iliyobuniwa katika Assam, nchi ya India, katika miaka ya 1930. Majani mabichi hunyaushwa kwa saa nyingi, hupitishwa katika mashine zenye meno, huachwa yapate hewa mpaka yageuke rangi ya shaba, kisha hukaushwa. Kilo nne au tano za majani mabichi hutoa kilo moja tu ya chai kavu. Kwa kuwa punje zake ni ndogo na zimeraruliwa, chai hiyo hutoa rangi na ukali upesi sana. Hiyo ndiyo sababu inafaa kwa maziwa, ambayo chai dhaifu hushindwa nayo. Na hiyo ndiyo sababu ikichemshwa kupita kiasi bila maziwa hukaza ulimi, kama mtu aliyetafuna ndizi mbichi.

Ukali huo hutokana na tanini. Watu wa pwani waliujua kabla ya vitabu vya sayansi, maana mkandaa, walioipa chai yao jina lake, ni mti wa mikoko ambao gome lake lina tanini nyingi na limetumika kulainisha ngozi na kutia rangi nyekundu. Naomba msomaji akumbuke neno hilo, tanini, kwa sababu ndilo lililoleta taabu nyumbani kwangu.

KIKOMBE KILICHOACHWA

Mwaka wa pili wa ndoa yetu mke wangu alishika mimba. Mimba ilipofika mwezi wa tano alipimwa damu kliniki, ikaonekana imepungua. Muuguzi alimpa vidonge vya madini ya chuma, akamwambia ale mboga za majani, maharagwe na nyama kila ipatikanapo. Kisha akasema jambo ambalo sikuwa nimelisikia maishani mwangu: "Usinywe chai pamoja na chakula, wala usimezee vidonge hivi kwa chai. Ngoja saa moja au zaidi." Akaeleza kwamba tanini na jamaa zake hushikamana na chuma kilichomo katika maharagwe, mboga na nafaka, kikatoka mwilini bila kutumika. Mtu mzima mwenye afya, alaye vizuri, huenda asidhurike. Lakini mama mjamzito ambaye damu yake imepungua hana cha kupoteza.

Mimi nilikuwapo, nikasikia yote, nikaandika hata tarehe ya kurudi. Mwezi wa Desemba tukasafiri kwenda kwa mama.

Mke wangu aliingia uani akasema, "Shikamoo, Mama." Mama, ambaye kwao salamu hiyo haitumiki sana, alikuwa amejifunza jibu lake wiki nzima. Akasema, "Marahaba, mwanangu," akafurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Chakula kikaletwa: githeri yenye maharagwe mengi, na kando yake chai, vikombe vitatu vimejaa mpaka ukingoni. Mke wangu akala githeri yote. Chai akaisogeza kidogo, akasema kwa adabu, "Asante, Mama, nitakunywa baadaye."

Mama akakifunika kikombe kwa kisahani. Baada ya saa moja tulikuwa tumekwenda kusalimu majirani. Tuliporudi chai ilikuwa baridi, imefanya ngozi juu. Mama akaimwaga kwenye shina la mgomba bila kusema neno. Jioni ikawa vivyo hivyo. Kesho yake, asubuhi na jioni, vivyo hivyo. Hivyo kwa siku mbili vikombe vinne vya maziwa ya ng'ombe wake na majani aliyoyachuma mwenyewe vilikwenda kwenye mgomba.

Msomaji ataniuliza, "Mbona hamkusema?" Mke wangu aliona haya kumweleza mama mkwe habari za damu na mimba katika siku za kwanza, tena alidhani hiyo ilikuwa kazi yangu. Mimi nilidhani mambo ya wanawake yatasemwa na wanawake. Lakini huo ulikuwa udhuru tu. Ukweli ni kwamba niliogopa. Ningewezaje kumwambia mama kwamba jani lile lile lililonilipia karo, lililojenga nyumba na kumpasua vidole katika baridi ya Julai, ndilo ambalo mke wangu ameambiwa alikae mbali na sahani yake? Nilinyamaza, nikanywa vikombe vyangu, na wakati mwingine vyake pia.

Siku ya tatu nikamsikia mama akimwambia jirani yake nje ya jikoni, "Mkaza mwana wangu ni mtoto mzuri, lakini chai yetu haimpendezi. Watu wa pwani wana vikombe vyao." Maneno hayo hayakuwa na ukali wowote, ndiyo sababu yaliniumiza. Jioni hiyo mama alileta mezani vikombe viwili tu.

Mke wangu aliviona. Hakusema lolote mbele ya mama. Usiku aliniambia, "Mimi nimekuja hapa kuwa mtoto, na sasa nimehesabiwa kuwa mgeni. Kesho nirudishe Malindi." Nikamwomba asubiri. Sikulala vizuri, na sidhani kama mama alilala.

MAZIWA YALIYOKATIKA

Asubuhi na mapema nilisikia harufu ambayo sikupata kuisikia katika nyumba ile tangu nizaliwe. Ilikuwa harufu ya tangawizi. Nikaenda jikoni. Mama alikuwa amesimama mbele ya sufuria, mwiko mkononi. Kando yake palikuwa na kipande cha tangawizi, kimekwaruzwa nusu. Ndani ya sufuria maziwa yote yalikuwa yamekatika, mabonge upande huu na maji ya manjano upande huu.

"Nilimtuma mtoto wa jirani dukani jana usiku," mama akasema bila kugeuka. "Nilitaka kupika chai ya kwao. Hata maziwa yamenikataa."

Kabla sijapata la kusema, mke wangu alikuwa amesimama mlangoni nyuma yangu. Akaitazama sufuria, akaitazama tangawizi, akafahamu yote. Akapita, akamshika mama mkono.

"Mama, maziwa hayajakukataa. Tangawizi mbichi hukata maziwa. Huchemshwa kwanza na maji peke yake, ikaiva, ndipo maziwa yafuate. Nami sikukataa chai yako. Nimeambiwa na muuguzi nisinywe chai na chakula, kwa kuwa damu yangu imepungua, na mtoto anaitaka. Nilikuwa nikingoja saa ipite, nikirudi naikuta imemwagwa, nami nikaona haya kuomba nyingine."

Mama alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Kumbe ulikuwa ukimlinda mjukuu wangu, nami nikakuhesabia vikombe." Ndipo akanigeukia mimi. "Na wewe uliyesoma, ulikuwa wapi?"

Katika kazi yangu nimeulizwa maswali mengi na wakubwa, lakini sijapata kuulizwa lililokuwa gumu kama hilo. Sikuwa na jibu, wala sina mpaka leo. Niliyekuwa na habari ni mimi, niliyewajua wote wawili ni mimi, na niliyekaa kimya ni mimi.

Wakapika upya, wawili hao, nami nikatumwa kuleta maji. Tangawizi ikachemshwa na maji kwa dakika tano. Majani ya mama yakatiwa. Maziwa yakafuata mwisho, na mama akashikilia kwamba lazima yafure mara tatu, kwa hiyo yakafura mara tatu. Chai hiyo haikuwa ya Mathira wala ya Malindi. Haikunywewa na chakula. Ilisubiri mpaka saa nne, wakati wafanyakazi maofisini hunywa yao, na mke wangu akanywa vikombe viwili bila kuombwa. Tangu siku hiyo saa ya chai nyumbani kwa mama ni saa nne na saa kumi, na chakula kina saa zake. Mama huwaeleza majirani sababu yake vizuri kuliko muuguzi.

Mtoto alizaliwa salama mwezi wa Aprili. Sisemi kwamba aliokolewa na saa ya chai. Vidonge, chakula bora na kliniki vilifanya kazi yao. Nasema tu kwamba ushauri mwema wa muuguzi ulikaribia kuleta uadui katika nyumba, kwa sababu mtu aliyepaswa kuueleza hakuueleza.

HAKUNA HAKIMU WA CHAI

Baada ya mambo hayo nilianza kusoma na kuulizia habari za chai, nikaona kwamba ugomvi wa vikombe si wetu peke yetu. Huko Misri watu wa kaskazini huloweka majani kidogo katika maji moto, bali watu wa kusini huyachemsha sana mpaka chai iwe nyeusi, kisha hutia sukari nyingi. Na kila upande huicheka chai ya mwenzake. Pakistani, ambayo kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa chai yetu katika mnada wa Mombasa, watu wengi hupika majani na maziwa pamoja, kama mama afanyavyo, ingawa hajapata kuwaona.

Waingereza, ambao twadhani wote hunywa namna moja, wamebishana kwa muda mrefu kama maziwa yatangulie kikombeni au yafuate. Mwandishi wao George Orwell mwaka 1946 aliandika gazetini kanuni 11 za kutengeneza chai. Alitaka maziwa yatiwe baada ya chai, na sukari isitiwe kabisa. Mama angemhurumia. Hata shirika la kimataifa la viwango, lilipotoa mwaka 1980 kanuni ya kutengeneza chai kwa ajili ya waonjaji, yaani gramu 2 za majani kwa kila mililita 100 za maji, dakika 6, halikukusudia kumfundisha mtu aipendeje chai yake. Lilitaka chai zote zipimwe kwa kipimo kimoja. Kazi ya mwonjaji ni kupima. Kazi ya mnywaji ni kupenda.

Hata hivyo, kusema kwamba kila mtu ana hiari yake si kusema kwamba hakuna la kujifunza. Haya ndiyo ninayoyafuata nyumbani kwangu sasa, na msomaji aweza kuyachukua au kuyaacha.

Kwanza, nayaweka majani katika kopo lenye kifuniko kinachobana, mbali na sabuni, mafuta ya taa na viungo, kwa maana chai kavu hunyonya harufu ya jirani yake upesi.

Pili, kwa chai ya mkandaa natia kijiko kimoja kidogo kwa kila kikombe, katika maji yaliyochemka wakati huo huo, nafunika, nangoja dakika tatu au nne, kisha nachuja. Sipendi kuyaacha majani ndani yake, wala siitii chai katika chupa kabla ya kuichuja, kwa sababu majani huendelea kutoa ukali hata moto ukiwa umezimwa.

Tatu, kwa chai ya maziwa natanguliza maji na tangawizi, kisha majani, na maziwa mwisho. Iliki naiponda na kuitia karibu na kuepua, ili harufu yake isipotee na mvuke.

Nne, sukari naiweka mezani, siitii sufuriani. Mgeni aliyekatazwa sukari na daktari asilazimike kutangaza ugonjwa wake mbele ya watu ili apate kikombe.

Tano, siinywi ikiwa moto wa kuunguza. Mwaka 2016 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Duniani walitoa onyo kwamba vinywaji vyenye joto la zaidi ya digrii 65 huenda vikaleta kansa ya umio. Chai ikipoa kidogo ndipo ladha yake huonekana. Ikiwa moto mno, mtu huonja moto tu.

Sita, na hili ndilo kubwa, simlazimishi mtu kikombe. Namwuliza, "Ya maziwa au ya mkandaa? Sasa au baadaye?" Akikataa kabisa, sisemi moyoni kwamba amenidharau.

Wakulima wenzangu wasidhani kwamba ninawaharibia soko. Chai ni fahari ya nchi yetu na riziki ya mamia ya maelfu ya nyumba, na mimi ni mtoto wa nyumba moja kati ya hizo. Mtu anayejua wakati mzuri wa kuinywa ataipenda siku nyingi. Mtu aliyedhurika nayo ataiacha.

Siku hizi mama akija kwetu hufungua kikapu chake mlangoni, akatoa pakiti ya majani kwa ajili yangu, na kipande cha tangawizi, aliyoipanda mwenyewe nyuma ya jikoni, kwa ajili ya mkaza mwana wake. Kisha huuliza kabla hajaketi, "Mmekwisha kula? Basi tungoje saa ipite."